Laptopu mbili zinafanana kila kitu, moja Windows Home nyingine Pro, tofauti laki na nusu. Nichukue ipi wakuu?

#1 Karani wa Kitama

Habari wakuu. Msimu huu korosho zimenitazama vizuri kidogo, nimeamua ninunue laptopu yangu mwenyewe niachane na kuazima ya ofisi, maana kila nikiifungua nakuta mtu kaacha mambo yake. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba, kazi zangu ni Excel ya mizigo ya wakulima, barua, kuprinti, na usiku watoto wanaangalia katuni.

Juzi nimeshuka Mtwara mjini nikaingia duka moja nikaonyeshwa mashine mbili. Ndugu zangu zinafanana kama mapacha, kampuni moja, rangi moja, prosesa i5 kizazi cha 11, rami GB 8, diski ya SSD GB 256. Moja laki tisa na nusu, nyingine milioni moja na laki moja. Nikamuuliza muuzaji hii laki na nusu inakwenda wapi, akaniambia hii ni Home na hii ni Pro, Pro ndio ya kazi. Nikamuuliza Pro inafanya nini ambacho Home haifanyi, akasema ina nguvu zaidi. Nguvu ipi? Akasema we chukua utaona.

Laki na nusu kwangu ni palizi ya shamba. Mwenye kujua anieleze taratibu kabla sijarudi mjini Jumamosi.

#2 Dogo wa Chuno

Chukua Pro bila kuwaza mkuu. Home inaishia rami GB 4, hata ukiongeza ya pili haisomi, inaona 4 tu. Mshikaji wangu kapata hilo tatizo. Home ni ya muvi, Pro ni ya watu wa kazi.

#3 Fundi Chikongola

#2 hapo umechapia mdogo wangu na nakurekebisha kwa sababu mtu anataka kutoa hela. Windows 11 Home inasoma rami mpaka GB 128, Pro mpaka terabaiti 2. Hakuna mtu wa Tandahimba wala wa Masaki atakayefika huko kwa kazi za Excel.

Najua ulikoitoa hiyo GB 4. Ni vitu viwili watu wamevichanganya. Cha kwanza ni Windows ya biti 32, hiyo kweli inagota GB 4, iwe Home iwe Pro, na hata hiyo 4 haiioni yote. Mshikaji wako alipigiwa window ya biti 32 na fundi mwenye flashi ya zamani, basi. Windows 11 biti 32 haipo kabisa. Cha pili ni zile laptopu ndogo ndogo za enzi za Windows 7 zilizokuja na toleo la Starter, lile liligota GB 2 na hata picha ya nyuma ya skrini ulikuwa huwezi kubadilisha. Watu wakabaki na imani kwamba toleo la bei ndogo lazima limefungwa kamba. Home ya leo haijafungwa hivyo.

Spidi ni ileile. Mwili ni mmoja, Pro ni kama Home iliyoongezewa milango. Swali ni kama hiyo milango utaipita.

#4 Karani wa Kitama

Ahsante fundi. Milango gani sasa?

#5 Fundi Chikongola

Mikubwa: kuifungua mashine yako ukiwa mbali kwa Remote Desktop (Home inaweza kwenda kwenye mashine ya mwenzake lakini yenyewe haiingiliki), kuiunga kwenye mtandao wa ofisi kubwa unaosimamiwa na seva, BitLocker ya kufunga diski, ile kompyuta ndani ya kompyuta ya Hyper-V, na sehemu ya kuweka masharti ya Windows inaitwa Group Policy. Yapo na madogo. Karani wa chama hapo sioni hata mmoja wa lazima, ila ngoja na wengine waseme.

#6 binti_newala

Mimi napingana na fundi kwa hilo moja la BitLocker. Kaka Karani unabeba majina ya wakulima, kilo zao, namba zao za akaunti. Laptopu ikiibiwa kwenye basi mwizi anatoa SSD anachomeka kwingine anasoma kila kitu, paswedi ya Windows haimzuii. Home haina BitLocker, kwa hiyo kwa kazi yako Pro ni lazima. Hii sio anasa, ni siri za watu.

#7 Ng'apa Juu

Dada wa Newala naomba nikusahihishe kwa uchungu maana hii imenikuta mimi na ilinilaza macho siku tatu.

Mashine yangu ni Home. Nilikuwa namalizia ripoti ya field, imebaki wiki moja kuwasilisha. Usiku nikaona ile programu ya watengenezaji inaniambia kuna apdeti ya BIOS, ile programu ya ndani inayowasha mashine, nikabonyeza ndiyo, ikazima ikawaka, nikakuta skrini ya bluu imeandikwa BitLocker inaomba namba. Tarakimu 48. Nikawa kila ninayempigia ananiambia hivyohivyo, Home haina BitLocker, hiyo ni virusi. Fundi mmoja huku Lindi akataka afomati palepale, kidogo nikubali.

Kumbe Home nayo inafunga diski, ila inaitwa Device Encryption, inajiwasha yenyewe kwenye mashine nyingi mpya ukishaingia na akaunti ya Microsoft, na ufunguo unahifadhiwa kwenye hiyo akaunti. Sasa akaunti ni ya nani? Siku nanunua, kijana wa duka aliniambia ngoja nikusetie kabisa usihangaike na bando, akaingiza barua pepe YAKE. Ufunguo wa ripoti yangu ulikuwa kwa mtu wa dukani!

Nikamtafuta kwa namba iliyo kwenye risiti, alishahama duka, yuko Songea. Mungu amjalie alipokea. Akafungua ukurasa wa akaunti yake akakuta orodha ya mashine kumi na mbili, zote majina yanafanana, LAPTOP na viherufi. Ikabidi nimsomee zile herufi nane za mwanzo za Key ID kwenye skrini yangu, tukaipata ya tisa. Akanisomea tarakimu sita sita, makundi manane, mimi naandika nyuma ya daftari la kliniki la mwanangu. Ilipofunguka nililia.

Kwa hiyo hoja ya siri za wakulima ni nzuri sana, ila Home inaweza kuzilinda. Hoja kubwa ni nani anashika ufunguo.

#8 mama wa Rahaleo

Pole sana mdogo wangu. Hili la muuzaji kuingiza barua pepe yake nimelikuta kwangu sasa hivi baada ya kusoma, nimeenda kuangalia kwenye Settings, jina la juu sio langu!! Miaka miwili natumia. Nafanyaje?

#9 Fundi Chikongola

Mama usifomati. Tengeneza akaunti ya kwako, nenda Settings, Accounts, Your info, ondoka kwenye ile ya kwake uingie kwa yako. Kisha hakikisha ufunguo wa diski umekuja kwako, uandike kwenye karatasi uweke na vyeti vya nyumba. Kama hujiamini njoo na mashine, hiyo sichaji.

#7 nimekubali, nilipoandika BitLocker ni ya Pro nilitakiwa nieleze: Pro unaimiliki yote, unaweza kufunga hata flashi na diski ya nje, Home unapata ile ya kuwasha na kuzima tu, na sio kila mashine inayo.

#10 binti_newala

Nimeelewa #7, narudisha neno "lazima". Ila flashi ndio zinapotea kuliko laptopu, kwa hiyo sijarudi nyuma yote.

#11 Mzee Ligula

Wanangu nawasalimu. Mimi nina Pro na inanisumbua, nisaidieni nami humuhumu. Nilinunua mashine ya mtumba, nzuri, nzito kidogo, imetoka Ulaya. Nimekaa nayo miezi sita imetulia. Mwezi uliopita pembeni chini kulia yakatokea maandishi ya kijivu, Activate Windows, hayatoki, na picha ya nyuma niliyoweka ya marehemu mama yao ikagoma kubadilishwa. Muuzaji anasema nimeharibu mimi kwa kuingiza programu. Mimi sijaingiza kitu zaidi ya printa.

#12 Kilwa Masoko

Shikamoo mzee. Angalia saa na tarehe kwanza. Kile kibetri kidogo cha ndani kikifa tarehe inarudi nyuma miaka, mashine ikienda kuulizia leseni inaonekana imetoka karne nyingine. Mashine za mtumba hicho kibetri kimechoka.

#13 Masasi Stendi

Shikamoo mzee wangu. Naheshimu #12 ila miezi sita ndiyo inaniambia kila kitu. Kampuni kubwa hazinunui leseni mashine moja moja, wana leseni ya jumla na seva yao ya kuaktiveti, inaitwa KMS. Mashine ikishagongewa muhuri na hiyo seva inapewa siku 180, kabla hazijaisha inatakiwa irudi kujionyesha. Siku 180 ni miezi sita! Mashine ya ofisi ya Ulaya imeuzwa haina pa kurudi. Au fundi wa hapahapa ametumia seva ya kuigiza. Vyovyote vile, ni muhuri wa kuazima.

Mzee fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, Command Prompt, andika slmgr /dli ubonyeze enta. Itakuja kiboksi, tafuta neno VOLUME (leseni ya jumla), au OEM (ya kiwandani), au RETAIL (ya kununuliwa moja moja). Ukiona VOLUME umepata jibu. Na slmgr /xpr inakwambia kama ni ya kudumu au ina mwisho.

#14 Dogo wa Chuno

Mimi nasema ni ufunguo wa kuuziana. Kuna watu wanauza funguo za Pro mtandaoni bei ya chai, ufunguo mmoja wanapewa watu mia, ukishtukiwa unafungiwa wote siku moja. Hapa sijachapia, nimeshauziwa.

#15 Fundi Chikongola

Dogo hapa uko sawa kabisa, yapo. Ila mzee, kabla ya hayo maandishi kuna fundi aliifungua? Bodi ya ndani ikibadilishwa Windows inaona ni mashine nyingine, leseni inapotea hata kama ilikuwa halali.

#16 Mzee Ligula

Marhaba wote. Ilifunguliwa ndiyo, chaji ilikuwa haiingii. Aliyeifungua alisema kabadilisha tundu la chaji tu. Nitajaribu hicho kidirisha mjukuu akirudi kutoka shule.

#17 ticha_nachi

Wakuu mnamuuliza mtu Home au Pro wakati swali la kwanza kwa mashine za mtumba ni kizazi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 imefika mwisho. Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8. Soma namba: i5-8250U, ile 8 ya kwanza baada ya kistari ndio kizazi. i5-6300U ni cha 6, hiyo haiko kwenye orodha hata muuzaji aape kwa jina la babu yake. Shule yetu ililetewa mashine sita, zote kizazi cha 4, zote zimeandikwa "Windows 11 Pro" kwenye stika ya kuprinti!

#18 mama wa Rahaleo

Kwa hiyo Windows 10 haiwaki tena? Ya mwanangu ni 10.

#19 ticha_nachi

Inawaka dada, inafanya kazi kama kawaida. Kilichokatika ni viraka vya usalama. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja inaitwa ESU mpaka 13 Oktoba 2026, kujiunga ni kupitia sehemu ya apdeti, na unaweza usilipe ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Akaunti YAKO, sio ya dukani.

#20 Mtu wa Mikindani

Hizo kizazi cha 4 ticha zinapigika Windows 11 na zinakwenda, nimepiga nyingi kwa flashi iliyorekebishwa.

#21 ticha_nachi

Zinapigika ndiyo, sikatai, ila Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyo kwenye orodha haihakikishiwi apdeti. Na zile kongwe za prosesa ya Core 2 Duo, toleo la Windows 11 la 24H2 haliwaki kabisa, prosesa inakosa amri inazozitaka. Sisi zile sita tumezipiga Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows. Watoto wanaandika, wanachora, wanaingia kwenye mitandao, mwezi wa nne sasa hakuna virusi vya flashi. Hakuna Home hakuna Pro, ni moja kwa wote na bure. Karani nawe ufikirie.

#22 Masasi Stendi

Ticha, watu wa Nachingwea mkipata kitu kimoja mnataka dunia nzima ikile kama ming'oko. Karani ana faili za Excel za chama, huenda zina makro, zile amri za kujiendesha zenyewe, na LibreOffice ya huko Linux itamvuruga mistari siku ya malipo na wakulima wako nje ya mlango wanasubiri.

#23 ticha_nachi

Ming'oko ni chakula cha heshima na wewe umekula juzi kwangu sahani mbili. Makro ni kweli, hapo nakubali.

#24 Karani wa Kitama

Nasoma yote wakuu, Mungu awabariki. Makro zipo, tena aliyezitengeneza alishahama, nikizivunja nimekwisha. Kwa hiyo Windows. Nauliza la bando: huku kwetu mtandao ni simu, nimesikia Home inajiapdeti yenyewe inakula bando lote na Pro unaizuia. Hilo lingenifanya nilipe.

#25 Mtu wa Mikindani

Hilo ndilo lililonifanya mimi nichukue Pro na sijuti. Kwenye Group Policy nimeiambia usishushe kitu mpaka niseme. Bando langu la wiki linafika Ijumaa.

#26 binti_newala

Usilipe kwa hilo kaka. Nina Home. Ukiunga hotspoti, ingia kwenye jina la huo mtandao uwashe Metered connection. Windows inajua unapima data, apdeti nyingi zinakaa kusubiri. Na kusimamisha apdeti mpaka wiki tano iko kwenye Home pia. Mimi kila mwisho wa mwezi naenda kwa dada yangu mjini mwenye waifai naiachia usiku kucha inashiba.

#27 Mtu wa Mikindani

Wiki tano zikiisha inakulazimisha kushusha kwanza. Yangu hainilazimishi.

#28 binti_newala

Na ukikaa mwaka bila kiraka huo mlango uliouacha wazi anapita nani? Tumetoka kuongelea siri za wakulima hapa.

#29 ticha_nachi

Wote mnasema kweli. Mkiwa na mashine nyingi kwenye mtandao mmoja, washeni Delivery Optimization ya mtandao wa ndani, moja ikishashusha nyingine zinachukua kwake. Home na Pro zote zinayo.

#30 Kilwa Masoko

Kuna tofauti hamjaitaja. Home ukiiwasha mara ya kwanza inakung'ang'aniza intaneti na akaunti, bila hivyo haikupitishi. Mei 2024 nilinunua mashine Dar, ikanichelewa njiani kwa sababu barabara ilikatika Somanga, mvua na kimbunga Hidaya, mnakumbuka ilivyokuwa. Imefika tu, nyaya za baharini nazo zikakatika, EASSy na Seacom, intaneti ikawa ya kudondoka tone tone. Nikakaa siku mbili naangalia skrini imeandika unga mtandao, mashine mpya iko mezani haifunguki. Pro nayo siku hizi inataka intaneti mwanzoni, ila ukichagua ni ya kazini inakuachia njia ya kufungua akaunti ya ndani tu, bila ya Microsoft. Mtu wa Tandahimba ajue hilo.

#31 Fundi Chikongola

Kweli, na ndio maana wauzaji wanasetia na akaunti zao, si wote wana nia mbaya. Dawa: fungua palepale dukani kwa hotspoti yako na barua pepe yako, kabla hujatoa hela.

#32 Masasi Stendi

Karani turudi kwenye laki na nusu. Kwenye duka la Microsoft lenyewe Home ni dola 139 na Pro ni dola 199. Tofauti dola 60, ambayo kwa hela yetu ni karibu laki na nusu. Kwa hiyo muuzaji inawezekana hajakuonea hata kidogo.

#33 Fundi Chikongola

Hesabu nzuri ila haikai. Hiyo ni bei ya mtu anayenunua leseni tupu. Mashine ikiwa imetoka kiwandani na Home, kuipandisha kuwa Pro kwa njia halali ni dola 99, hiyo ni zaidi ya laki mbili. Muuzaji alipe laki mbili na ushee akuuzie kwa laki na nusu? Ama imetoka kiwandani ikiwa Pro, hapo sawa, ama kuna ufunguo wa bei ya chai wa #14.

#34 Dogo wa Chuno

Leo fundi ananitaja kwa wema mara mbili, Ntwara kuchele!

#35 Mtu wa Mikindani

Au mashine ya Pro ilirudishwa dukani na mteja aliyeipandisha mwenyewe. Karani, maboksi yalikuwaje?

#36 Karani wa Kitama

Swali zuri hilo. Boksi la Home selotepu yake ilikuwa moja, ile ya kiwandani, aliikata mbele yangu. La Pro lilikuwa limeshafunguliwa, lina selotepu ya kaki juu ya ile nyeupe. Nilidhani ni kwa ajili ya maonyesho.

#37 Fundi Chikongola

Haya. Toka enzi za Windows 8 ufunguo wa kiwandani unakaa ndani ya BIOS ya mashine. Stika ya chini haina kazi tena. Jumamosi mwambie muuzaji aandike slmgr /dli kwenye zote mbili, ukiona OEM_DM maana yake ufunguo ni ule uliozaliwa na mashine. Atakayekataa kuandika mistari miwili mbele ya mteja mwenye hela mkononi, mwachie mashine yake.

#38 mama wa Rahaleo

Mimi nimehamisha akaunti, imekubali. Ufunguo nimeuandika. Ahsante sana fundi na mdogo wangu wa Ng'apa.

Na jamani kuna hii ya dada yangu, mpya kabisa ya Marekani, ndogo, GB 4, kila programu anayotaka kuingiza inakataa inamwambia ni ya Store tu. Ni Home hiyohiyo?

#39 Masasi Stendi

Hiyo ni Home iliyo kwenye S mode. Inaruhusu programu za Store peke yake. Kuitoa ni bure, Settings, System, Activation, utaona Switch to Windows 11 Home, inafungua Store unabonyeza mara moja. Ukishatoka haurudi. Mwambie asimlipe mtu, nimeona watu wakitozwa elfu hamsini kwa kubonyeza hicho kitufe.

Na anayenunua za Ulaya akikuta imeandikwa Pro N, asishtuke video zikigoma. N haina vichezeshi vya muziki na video, ni matokeo ya uamuzi wa Tume ya Ulaya wa 2004. Kuna kifurushi cha bure kinaitwa Media Feature Pack, unakiongeza mwenyewe.

#40 Mzee Ligula

Mjukuu amerudi. Tarehe ya mashine iko sawa. Tumeandika kama mlivyosema. Kiboksi kimeandika RETAIL. VOLUME hakuna.

#41 Masasi Stendi

Mzee una uhakika ni RETAIL?

#42 Mzee Ligula

Nimevaa miwani nikasoma mwenyewe herufi kwa herufi.

#43 Kilwa Masoko

Basi ile ya siku 180 imeanguka, na kibetri changu pia kimeanguka.

#44 Masasi Stendi

Haijaanguka. Inawezekana fundi wa tundu la chaji alipiga window upya na kuweka ufunguo wa majaribio, ule wa mwanzo ukafutika.

#45 Dogo wa Chuno

RETAIL ni dalili ya funguo za kuuziana, zangu mimi zilisoma hivyohivyo.

#46 Fundi Chikongola

Na aliyelipa dola 99 halali inasoma RETAIL vilevile. Kwa hiyo neno hilo peke yake halimhukumu mtu. Mzee bado nataka kuona bodi, nione kama serial namba iliyo kwenye BIOS inalingana na ya kwenye stika ya chini. Zikipishana bodi ilibadilishwa. Njoo nayo mzee wangu, na ile picha ya mama tutairudisha, hiyo haijafutika, Windows isiyoaktivetiwa inazuia kubadilisha tu.

#47 Mzee Ligula

Nitakuja Jumatatu mwanangu.

#48 Karani wa Kitama

Wakuu nimerudi kutoka mjini. Muuzaji mwanzo alinuna nilipomwambia aandike, nikaweka hela mezani nikazihesabu taratibu, akaandika. Home: OEM_DM. Pro: RETAIL, kama ya mzee. Nikamuuliza boksi la Pro lilifunguliwa na nani, akasema alilikuta hivyo yeye ameajiriwa tu.

Nimechukua Home. Nimeifungua palepale kwa hotspoti yangu na barua pepe yangu, kijana alitaka kunisaidia kuandika nikamwambia hapana. Ufunguo wa diski nimeuandika, nakala moja nyumbani, nyingine kwenye sefu ya chama. Laki na nusu nimeigawa, rami ya GB 8 nyingine, na diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Inasoma 16 zote, Dogo wa Chuno njoo uhesabu. Faili za chama zimefunguka na makro zake zote.

#49 Dogo wa Chuno

Hongera mkuu, nimekubali.

#50 binti_newala

Hongera kaka. Hiyo diski ya nje Home haiwezi kuifunga kwa BitLocker lakini, nilishasema. Usiiache kwenye basi.

#51 Mtu wa Mikindani

Na ile Pro bado ipo dukani?

#52 Karani wa Kitama

Nilipokuwa natoka kuna mwalimu mmoja wa Nanyamba alikuwa anaiulizia bei.

#53 Fundi Chikongola

Karani, ulichukua namba yake?